Duka la WhatsApp au la tovuti: lipi hatarini zaidi?

Yambo ndugu. Umeuliza, kati ya duka la jezi linalouzia WhatsApp hapa Lubumbashi na lile lenye tovuti, lipi rahisi kuvamiwa na wezi wa mtandao. Usipime kwa ukubwa. Tazama linatunza nini. JD Sports, kampuni ya maduka ya nguo na viatu vya michezo ya Uingereza, ilitangaza Januari 2023 kwamba data za wateja wapatao milioni 10 huenda zimechukuliwa, na zilikuwa za oda za 2018 hadi 2020. Oda za zamani hivyo! Mwenye tovuti afute asichokihitaji.

Lakini wa WhatsApp naye asilale. Dada yangu anauza mipira na viatu komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alipigiwa simu na "wakala", naye dada akamsomea tarakimu 6 zilizoingia kwa SMS, yaani kodi ya kufungulia akaunti yake ya WhatsApp kwenye simu nyingine. Kabla hajafunga duka, mwizi alikuwa anawaomba wateja wake pesa kwa jina lake. Niliumia sana kumwona analia juu ya maboksi ya viatu. Tulipoirudisha akaunti, tuliwasha uthibitisho wa hatua mbili papo hapo, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp inaiomba mtu akitaka kuifungua akaunti kwenye simu nyingine.

Hao wenye maduka wawili, waulize kwanza simu ya kazi inashikwa na watu wangapi, na nani anajua namba ya siri ya M-Pesa. Wakishindwa kukujibu haraka, ogopa.