Kochi linaelea: nibadilishe kompyuta?

SWALI: Mimi ni mbunifu wa mambo ya ndani ya nyumba. Nawavalisha wateja miwani ya uhalisia mseto, ile ya vioo vinavyopitisha mwanga, waone samani nyumbani kwao kabla ya kununua. Picha ni safi, lakini wanasema kochi linaelea. Ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi?

JIBU: Hapana, weka pesa zako kwanza. Mwaka 2009 mtafiti Mel Slater alitenganisha mambo mawili: mtu kuhisi yuko mahali fulani, na kuhisi kwamba anachokiona kinatokea kweli. Katika uhalisia pepe, ambapo miwani huziba macho na kuonyesha ulimwengu wa kidijitali tu, mtu anahamishwa, hivyo yote mawili yanajengwa upya. Mteja wako hajahama. Yupo sebuleni kwake, amekanyaga sakafu anayoideki kila siku. Kinachobaki ni kama kochi limefika, na macho yaliyoizoea sebule hiyo hayadanganyiki kirahisi.

Anza na kivuli pale miguu ya kochi inapogusa sakafu. Hapa pana ugumu wa kweli: vioo hivyo huongeza mwanga tu, haviwezi kuchora cheusi. Mbinu inayosaidia ni kumwaga mwanga hafifu sakafuni kuzunguka kochi na kuliacha eneo la kivuli bila mwanga, nalo litaonekana jeusi kidogo. Kisha hakikisha mtoto akipita mbele ya kochi, analiziba. Kochi likionekana juu ya mwili wa mtoto, mteja hataliamini tena.

Upana wa kioo nao una lake. HoloLens 2, miwani ya aina hii kutoka Microsoft, kwa mfano, huonyesha takriban nyuzi 43 kwa mlalo, ilhali macho mawili huona karibu 200. Ukisimama karibu, kochi linakatwa pembeni. Msogeze mteja nyuma, au anza na taa ya mezani.

Mguso nao usiudharau. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha North Carolina lililochapishwa mwaka 2002, watu walisimama ukingoni mwa shimo la kidijitali. Ubao mwembamba, kama sentimita 4 tu, ulipowekwa chini ya miguu yao, mapigo ya moyo yalipanda zaidi. Kwako, stuli halisi iliyowekwa mahali pa kiti cha kochi inaweza kutosha.

Na usimuulize mteja kama anaamini. Mwite kutoka upande wa pili wa chumba, uangalie kama atalizunguka kochi au atalipita katikati. Niandikie ulichokiona.