Ukihamia penye majirani wanaopenda bustani, anza kwa kuomba

Ndugu muulizaji, swali lako nimelisoma kwa makini. Unasema umehamia nyumba yenye kiwanja kidogo upande wa nyuma, majirani zako wa kulia na kushoto wana bustani za kuvutia, nawe ungependa kuwapelekea zawadi ili mjuane, ila unahofia wataona unajipendekeza, au watajihisi wamebebeshwa deni. Mimi ninaishi Muheza, mkoani Tanga, mji ambao ni vigumu kupata ua usio na mchungwa, na nitakujibu kwa yale niliyotendewa na majirani zangu. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kutoa. Anza kwa kuomba, na uombe kitu ambacho mwenyeji wako anacho kwa wingi.

Mtu anayeipenda bustani yake hufurahi kuona mmea wake unastawi kwa mwenzake kuliko anavyofurahia kuletewa kikapu cha mboga ambazo huenda anazo tayari. Marando ya viazi, machipukizi ya mgomba na shina la mchaichai havimpunguzii chochote. Tena matembele yakikatwa ndiyo kwanza yanachipua upya. Ukienda kuomba, unamheshimu kama mjuzi, na unampa nafasi ya kukukaribisha kwa jambo analoliweza. Wazee waliosema mgeni njoo mwenyeji apone waliliona hili zamani.

Nilipohamia huku nilibisha hodi kwa mama wa nyumba ya pili, nikamwamkia, nikamwomba marando machache. Hakunikatia tu na kunikabidhi. Alichagua mashina yenye afya, akakata vipande vya urefu wa kama sentimita 30 kutoka upande wa ncha, akapukutisha majani ya chini, kisha akavifunga kwa ukambaa wa mgomba na kuniambia, "Mwanangu, haya usiyapande leo. Yalaze kivulini siku moja au mbili, hata uone vizizi vinatokeza kwenye vifundo, ndipo uyafukie zaidi ya nusu." Maelezo yale yalikuwa na thamani kuliko marando yenyewe, kwa sababu marando ningeweza kuyanunua sokoni, lakini hakuna muuzaji ambaye angesimama nami juani akihakikisha nimeelewa.

Mama huyohuyo alinifundisha kwamba wema katika bustani una sehemu isiyoonekana, nayo ni kutompa jirani ugonjwa. Nilipomwomba vipando vya mihogo, alichukua jembe, akang'oa shina moja kati ya yale aliyotaka kunipa, akaupasua muhogo mbele yangu kuanzia kichwani hadi mkiani. Ulikuwa mweupe wote. Alikuwa akitafuta michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao dalili zake kwenye majani zinaweza kuwa hafifu kiasi cha kumpita mtu, huku muhogo ukiwa umeoza kwa ndani na haufai kuliwa. Sisi wa Muheza ugonjwa huu una historia kwetu, kwani maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuuhusu yalitolewa mwaka 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule juu milimani, katika wilaya hii hii. Batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, ni rahisi kuigundua, maana majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, hivyo shina la namna hiyo halipelekwi kwa jirani hata akilisihi. Yule mama alipoteza shina zima la mihogo ambayo haikuwa imekomaa, ili mimi nipande kwa amani. Mpaka leo sijaona zawadi iliyofikiriwa vizuri zaidi ya ile.

Upande wa pili wa uzio anakaa mzee ambaye maisha yake yote amekuwa akibebesha michungwa, yaani kupandikiza jicho la mchungwa kwenye shina la mmea mwingine. Uani kwangu palikuwa na mlimau mchanga ulioota wenyewe, na siku moja aliniuliza kama ningependa aubebeshe. Alisubiri hadi shina likafikia unene wa penseli. Akaja na kisu alichokinoa kwake, akachanja ganda kwa umbo la herufi T, juu kidogo ya ardhi, akabandua jicho kutoka kwenye kijiti cha mchungwa wake wa Valencia na kulichomeka chini ya ganda lile, kisha akalizungushia ukanda wa nailoni kwa kubana, bila kutia vidole mahali palipokatwa. Baada ya kama wiki tatu alirudi mwenyewe kuufungua, akakuta jicho bado ni la kijani, na hapo ndipo alipoanza kukipunguza kichwa cha mlimau ili nguvu ipande kwenye jicho. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4, ilhali ule wa mbegu unakuweka sana. Sikumlipa, na nadhani ningemtajia malipo angeumia.

Mengine ni madogo lakini yana uzito. Nilipokwenda kijijini kwa msiba, nilirudi nikakuta kitalu changu cha nyanya kimemwagiliwa kila jioni, na matandazo ya nyasi yameongezwa ili maji yasikauke upesi, nami sikuwa nimemwomba mtu. Yupo pia jirani aliyenijia alfajiri kunieleza kwamba ameona kantangaze kwenye nyanya zake. Nondo huyu aliripotiwa nchini mwaka 2014, na viwavi wake hutoboa majani na matunda; akiwa kwa mmoja, leo au kesho atakuwa kwa wote. Wapo wanaoficha kwa kuona aibu. Yeye alikuja kuniambia, tukakagua pamoja majani yangu upande wa chini, tukayaondoa yaliyoshambuliwa, na naamini kuwahi kule ndiko kuliokoa mavuno yetu sote wawili.

Kuhusu hofu yako ya deni, hapa nina msimamo. Desturi ya kutorudisha chombo kitupu naipenda na ninaifuata, lakini si lazima kirudi siku hiyohiyo. Ukipewa bakuli la bamia asubuhi, na jioni ukakimbia na mapapai ya thamani ileile, utakuwa umeligeuza jambo kuwa nipe nikupe, na mwenzako ataona unataka kumalizana naye. Acha muda upite. Peleka kitu kinapokuwapo shambani kwako, na bora kiwe kimetokana na mbegu aliyokupa yeye, kisha umweleze hivyo. Kama jirani mmoja hapokei vizuri, usimlazimishe. Msalimie kila siku, umpe taarifa ukiona wadudu au mbuzi waliopenya uzio, na hiyo yatosha kwa kuanzia.

Ninakushauri usisubiri hadi bustani yako ipendeze. Mvua za vuli kwa kawaida huanza mwezi Oktoba, na wiki chache kabla yake ndipo watu huandaa matuta na kuchagua mbegu za kubaki nazo na za kugawa. Nenda kipindi hicho, jioni jua likishapoa, na uende na jembe lako mkononi, kwani huenda ukahitajika kusaidia kung'oa hicho unachokiomba.