Dracula walimcheka, mumiani hawakumcheka

Tarehe 3 Oktoba usiku, mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde chache tu: "Mwanangu, hiki kitabu chako kinasimuliwa na mbwa mpaka mwisho?" Nikamjibu, ndiyo mama. Akanyamaza siku mbili.

Kitabu ni A Night in the Lonesome October cha Roger Zelazny, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa hadithi za kubuni za sayansi. Kilitoka mwaka 1993, miaka miwili kabla hajafariki. Amewarundika humo mazimwi wote wa sinema za zamani, kijijini nje ya London, enzi za Malkia Victoria. Dracula yumo, ingawa jina hatajwi, ila jeneza analo. Yumo daktari anayeunga viungo vya maiti, yumo Larry Talbot anayegeuka mbwamwitu mwezi ukipevuka, na yumo mpelelezi mkuu anayejibadilisha sura, mpaka kuvaa gauni. Wote wako kwenye mchezo mmoja, unaochezwa ile miaka ambayo mwezi mpevu unaangukia tarehe 31 Oktoba, kama ilivyokuwa 2020. Wengine wanataka kufungua lango ili miungu ya kale irudi duniani, wengine wanataka libaki limefungwa. Kila mchezaji ana mnyama wake, na msimulizi ni Snuff, mbwa wa bwana mmoja aitwaye Jack anayetoka usiku na kisu chake. Jack yupi, utajaza mwenyewe ukimkumbuka Jack the Ripper, muuaji wa London wa enzi hizo.

Mimi nilikipenda tangu ukurasa wa kwanza, nikadhani kila mtu atakipenda. Nikakusanya watu tisa, wengi ndugu, walimu wawili, jirani mmoja. Wanne Kiingereza hakiwasumbui, wakasoma wenyewe. Waliobaki niliwasimulia kwa Kiswahili kila jioni kwenye kundi letu la WhatsApp. Naandika haya kwa ajili yako unayetaka kufanya kitu kama hicho, maana nilikosea mengi.

Kosa la kwanza lilikuwa pupa. Kitabu kimepangwa sura moja kwa kila siku ya Oktoba, na huko nje wako wasomaji wanaokirudia kila mwaka namna hiyo, sura kwa siku. Sura za mwanzo ni fupi sana, nyingine kurasa mbili tatu, basi mimi nikatuma tano kwa mkupuo. Kesho yake hakuna aliyejua popo ni wa nani na bundi ni wa nani. Kundi zima likawa linauliza "huyu nyoka katoka wapi?" Ikabidi niandike orodha ya mnyama na mwenyewe, niibandike juu ya kundi. Anza na orodha hiyo, na usizidishe sura moja kwa siku hata watu wakikuomba.

Halafu suala la mbwa. Shemeji yangu ni mtu wa swala tano, na mbwa nyumbani kwake hakanyagi. Alisema kusikiliza atasikiliza, ila hapendi yule mbwa anavyopanda vyumbani. Nikamwambia, shemeji, hiyo ni hadithi. Akasema, "Hata kwenye hadithi ana nyayo." Nilicheka, lakini nikajifunza kutolipuuza. Mwandishi amemchagua mbwa makusudi, kwa sababu mbwa haogopi kazi yake. Kila siku Snuff anazunguka nyumba kukagua majinamizi yaliyofungiwa: yale ya ndani ya kioo, lile la kabatini, lile la kwenye sanduku la safari. Likijaribu kutoka, analibwekea, linarudi, naye anaendelea na zamu. Mzaha wote wa kitabu umo humo, kwamba jambo la kutisha linasimuliwa kama kazi za nyumbani. Usipoupata hapo, hutaupata mbele.

Aliyeupata wa kwanza si mwalimu. Ni mtoto wa mjomba, mlinzi wa usiku kwenye ghala. Snuff anaweza kusema na Jack kwa maneno kati ya saa sita na saa saba usiku tu. Jamaa akaandika: "Huyu mwenzangu kabisa. Na mimi bosi wangu ananisikiliza saa moja tu kwa siku." Tangu hapo akawa ndiye mfasiri wetu. Mtu akikwama, yeye anamweleza kwa lugha ya lindo.

Dracula alipoingia, kimya. Hakuna aliyeogopa, na hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nasema "vampaya", neno ambalo vijana wanalijua kwenye filamu na wazee haliwakumbushi kitu. Nikajitahidi kueleza: hunyonya damu, hulala mchana. Mama mdogo akaibuka: "Aa, kumbe mumiani. Sasa mbona mnacheka?"

Hakuna aliyekuwa anacheka, lakini nilielewa. Kwetu mumiani si picha ya sinema. Tukiwa wadogo, ukichelewa kurudi magharibi uliambiwa kuna gari limeegeshwa kule barabarani, halina namba, wanachukua damu za watoto. Zama za ukoloni kwenye miji ya Afrika Mashariki watu waliwaogopa wazimamoto kwa sababu hiyohiyo. Mwanahistoria Luise White ameziandikia tetesi hizo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000. Na neno lenyewe lina kisa chake. Limetokana na Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami ya kutibia mivunjiko na maumivu. Dawa hiyo ikahusishwa na maiti zilizokaushwa za Misri, ndiyo maana Wazungu wakaziita maiti zile kwa jina hilo, "mummy". Huku kwetu watu wakaamini inapikwa kwa damu ya binadamu, na baadaye jina likamshukia mwenye kuichukua damu. Kwa hiyo mazimwi wawili wa sinema, maiti ya Misri na mnyonya damu, Kiswahili kimewalaza kitanda kimoja.

Nikajiona nimepata ufumbuzi. Kesho yake nikamwita Dracula "mumiani" kila mahali. Nikaharibu kitabu. Wasikilizaji wakaanza kuuliza: nani kamtuma? Damu anaiuza wapi? Gari lake liko wapi? Maana mumiani wetu ametumwa. Ana tajiri nyuma yake, ana sindano na chupa. Hana kasri wala joho, wala hakubishii hodi kwa adabu. Dracula wa Zelazny ni jirani mstaarabu mwenye popo wake, na ucheshi unatokana na ustaarabu huo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wenzetu wanacheka na sisi tunakodoa macho. Dracula wao wamemfuga muda mrefu. Mwandishi Bram Stoker alimtoa kwenye riwaya 1897 akiwa wa kutisha kweli. Mwigizaji Bela Lugosi akamvika joho kwenye sinema ya 1931. Mwaka 1948 tayari yuko kwenye sinema ya vichekesho pamoja na wachekeshaji Abbott na Costello, na 1971 akatiwa kwenye boksi la nafaka za chokoleti za watoto, Count Chocula. Ukishamla Dracula asubuhi na maziwa, riwaya ya kumtania imekuta njia imefyekwa. Mumiani hajafugwa na mtu. Mama mdogo analitaja neno hilo kwa sauti ya chini mpaka leo, na nyumba imejaa watu.

Basi ushauri wangu: mgeni mwache awe mgeni. Mwite Dracula, mwache na jeneza lake. Ila kabla hujaanza kusoma, waulize watu mmoja mmoja walikuwa wanatishwa na nini utotoni. Mimi nilikuja kuuliza katikati, na kundi likachangamka kuliko siku zote. Mmoja akaleta mchawi mwenye fisi wake, tukaenda moja kwa moja kwa Larry Talbot, na sura yake ikaeleweka bila maelezo yangu. Aliyeogopa kitu fulani utotoni ndiye atakayekicheka kwa raha ukubwani. Asiyekiogopa utamchekesha na nini?

Mmoja wa wale walimu alikuwa na shida nyingine, nayo sikuitegemea. Amekulia kwenye vitabu vya upelelezi vya Muhammed Said Abdulla. Alipomwona mpelelezi wa London akatabasamu, huyu ni Bwana Msa na kiko chake. Sasa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, jina linakuahidi mzimu, lakini Bwana Msa anakwenda kuuumbua ubinadamu ulio nyuma yake. Mwalimu akangoja hivyohivyo. Kila sura anatuandikia: subirini, tarehe 31 mpelelezi ataonyesha kwamba yote ni hila ya mtu. Nilimwacha, na sijui kama nilifanya vizuri. Kwa Zelazny miungu ipo kweli na lango ni lango. Ilipofika siku yenyewe alikasirika, akasema kadanganywa. Ukiwa na msomaji wa aina hiyo, mnong'oneze mapema.

Mwalimu wa pili alisema hiki si cha kutisha, ni katuni. Usibishane na mtu kama huyo, nusu ya maneno yake ni kweli. Na mimi nina lalamiko langu: kuna sura mbwa na paka wanatembezwa nchi ya ndoto, majina matupu kutoka kwa H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, na kama hukumsoma Lovecraft ni kama kutambulishwa kwa wajomba wa mtu mwingine msibani. Niliikata, nikaisimulia kwa sentensi nne. Hakuna aliyelalamika.

Tarehe 31 tulikutana barazani kwa mama mdogo. Kahawa, kashata, umeme ukakatika saa mbili na kurudi saa tatu, tukasoma kwa tochi za simu. Mwisho sikusimulii. Shemeji alikuja, akakaa mpaka sura ikaisha. Mtoto wa mjomba alikuwa zamu, akasikiliza kwa simu kutoka getini, na swali lake likawa lilelile analouliza tangu siku ya kwanza. Snuff anasema kazi ya ulinzi anaipenda kuliko alivyokuwa kabla Jack hajamwita. Alikuwa nini? Kitabu hakisemi. Jamaa anadai yeye anajua, ila atatuambia tukianza tena Oktoba hii, saa sita usiku, baada ya kuzungukia milango.