Swali la wiki: Nani aingie kambini na Pamba Jiji?

Ndugu Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita mliuliza hivi: kama wewe ndiye kocha wa timu unayoishabikia, ungeingia na wachezaji gani katika kambi ya maandalizi ya msimu mpya? Chini yake mkaweka mfano wa jibu, orodha ya majina 25, ambayo ukiisoma kwa makini unakuta karibu wote ni wachezaji walioachwa na timu za Kariakoo, yaani Simba na Yanga, wakiongezewa wageni kutoka nje ya nchi. Sina ugomvi na aliyeiandaa, kwa kuwa aliowataja wanaujua mpira. Kilichonigusa ni kwamba humo ndani hakuna hata nafasi moja iliyoachwa wazi. Kocha anaingia kambini akiwa ameshamaliza kuchagua, na kambi inabaki kuwa mahali pa kupigia picha za jezi mpya.

Mimi ni mtu wa Pamba, timu yetu ya Mwanza, na nilibaki mtu wa Pamba hata katika miaka ile ambayo kusema hivyo mbele ya watu kulikuwa ni kujitafutia utani. Kwa hiyo nitajibu kwa kuitumia timu hiyo, ila sitaanza na majina, maana wenye mikataba wanafahamika na wengine hubadilika kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Nitaanza na idadi. Ningeita wachezaji 30, na 10 kati yao wangekuwa vijana wa Kanda ya Ziwa ambao hawana mkataba na klabu yoyote ya Ligi Kuu. Wengine wangetoka katika timu yetu ya vijana wenye umri chini ya miaka 20, wengine timu ya Alliance kule Mahina, na wengine katika ndondo, yaani mechi za mitaani, za Igoma, Nyakato na Buhongwa, ambako kila jioni kuna mtu anayecheza vizuri na hakuna anayeandika jina lake.

Msomaji wa Mwanza hahitaji kuelezwa sababu, lakini jarida hili linasomwa hadi Mtwara, basi nitaeleza kwa ufupi. Mkoa huu haujawahi kukosa wachezaji. Hussein Masha na George Masatu walikuwa wa Pamba kabla hawajawa wa Simba. Khalfan Ngassa alicheza hapa, na mwanawe Mrisho, aliyezaliwa Mwanza, alipitia Kagera Sugar ndipo Yanga ikamchukua. Mwaka 2017 Mbao FC ya hapa Mwanza, ikifundishwa na Mrundi Etienne Ndayiragije, iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, katika uwanja wetu wa Kirumba, ikaenda fainali Dodoma na kufungwa na Simba mabao 2-1 baada ya dakika za nyongeza, kwa kikosi ambacho majina yake mengi hayakuwa yakitajwa nje ya mkoa msimu mmoja kabla. Sisi Pamba tulishuka daraja mwaka 2001 na kurudi 2024, na wote tunakumbuka tulivyoanza msimu ule wa kurudi: timu ilikuwa chini ya Goran Kopunović, wachezaji wengi ndiyo kwanza walikuwa wanafahamiana, mechi za mwanzo zikapita bila ushindi hata mmoja, kocha akaondolewa na Fred Felix Minziro akaitwa kuokoa jahazi. Aliliokoa, na tunamshukuru.

Hata hivyo, kinachonifanya niandike barua ndefu kiasi hiki ni mechi moja ya kirafiki niliyoitazama Uwanja wa Nyamagana, kabla Pamba haijarudi Ligi Kuu. Timu iliyokuwa ikijiandaa sitaitaja. Ilikuwa saa nane mchana, na anayeujua uwanja ule wenye nyasi bandia anajua saa nane maana yake nini: joto linatoka chini kuliko juu, zile chembe nyeusi zinaruka kila mpira unapodunda, na wachezaji wanaopumzishwa wanavua daluga na kuzikung'uta kabla hata hawajaomba maji. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao wala jambo la kusimulia. Cha pili, kama ilivyo desturi ya mechi hizo, kocha alibadilisha karibu timu nzima, na upande wa kushoto wa ulinzi akaingia kijana ambaye hakuna aliyemjua pale jukwaani isipokuwa muuza karanga aliyekaa ngazi ya chini yetu. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kijana ni wa Igoma na kwamba alipigiwa simu jana yake jioni.

Alivaa kizibao cha njano cha mazoezi kisicho na namba. Daluga zilikuwa za kuazima na bila shaka zilimzidi, kwa sababu kamba alikuwa amezizungusha chini ya nyayo na kuzifunga mara mbili juu ya mguu. Mpira wa kwanza kumfikia ulimpita ukatoka nje, watu wakacheka. Dakika chache baadaye akajiwa na winga wa wapinzani, mtu mzima aliyeshacheza Ligi Kuu, anayetumia mguu wa kushoto akiwa upande wa kulia, mwenye tabia ya kuingia ndani na kupiga. Kijana hakumrukia. Alirudi hatua mbili, akaufunga upande wa ndani kwa mwili wake, akamwachia mstari. Winga hakuwa na la kufanya ila kwenda nje na kupiga krosi kwa mguu wa kulia usio wake, na mpira ukaishia nyuma ya goli. Aliporudi tena alikuta mlango ule ule umefungwa. Safari iliyofuata winga alianza kumlalamikia refa, na hapo hata waliocheka walikuwa wamenyamaza, kwa sababu jambo lile halifanywi kwa nguvu wala mbio. Linafanywa na mtu anayemsoma mwenzake. Nani alimfundisha Igoma, mimi sijui.

Kisha akaanza kupanda, na huko ndiko alikopotelea. Alipanda akapiga krosi ya chini iliyomkosa namba tisa, mshambuliaji wa kati, kidogo sana. Akapanda tena, hakupewa mpira, akarudi akikimbia. Akapanda tena. Ilipofika kama dakika ya ishirini tangu aingie, nilimwona ameinama, mikono magotini, mdomo wazi, na wapinzani walimwona pia. Mpira mrefu ukapigwa nyuma yake, akageuka kwa kuchelewa, na bao likaingia kupitia upande wake. Alitolewa papo hapo. Kiongozi mmoja wa timu ile, aliyekuwa amekaa mbele yetu, akamwambia mwenzake, "Huyu hana pumzi," na mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Hukumu ikawa imetoka. Wiki iliyofuata timu ilimtangaza beki wa kushoto aliyetoka mbali, na jina la kijana wa Igoma sikulisikia tena mahali popote.

Kila anayefuatilia mpira anajua kambi inavyokwenda. Wiki ya kwanza na ya pili ni mbio, vilima na mazoezi ya viungo, na hata wachezaji wenye mikataba minono hutapika pembeni ya uwanja siku ya kwanza baada ya likizo. Mechi za kirafiki zinapoanza, mtu hupewa dakika 30, kisha 45, kisha 60, na dakika 90 huja karibu na ligi. Wenzake kijana yule walikuwa wameshapitia hayo yote. Yeye alitoka nyumbani, pengine alitoka kazini, akaombwa pumzi ambayo hakuna aliyempa muda wa kuijenga, wakati kile ambacho kambi haiwezi kumfundisha mtu kwa wiki tatu, yaani kujua pa kusimama, alikuwa nacho tayari. Kumpima mchezaji kwa namna hiyo ni sawa na kununua mtumbwi kwa kuutazama ukiwa nchi kavu.

Kwa hiyo ukiniuliza nani aitwe, naona swali linalotangulia ni aitwe lini. Awepo tangu siku ya kwanza, ale chakula cha kambi, alale kambini, atazamwe na daktari wa timu, na asiingizwe katika mechi kabla ya wiki ya tatu.

Na nikishasema hivyo, wale vijana 10 wanaanza kunielemea. Kijana wa kuitwa jana na kuachwa leo hana gharama, ndiyo maana huitwa kwa wingi. Kijana wa wiki tatu anahitaji kitanda, chakula, matibabu na jicho la kocha. Tuhesabu pia dakika. Mechi moja ina dakika 90 kwa watu 11, yaani dakika 990 za kugawana. Timu ikicheza mechi sita za kirafiki inapata dakika 5,940, na zikigawanywa kwa watu 30 kila mmoja anapata 198, ambazo hazizidi sana mechi mbili kamili. Wakiwa 26 kila mmoja anapata zaidi ya 228. Tofauti ya nusu saa inaonekana ndogo kwa anayesoma, lakini beki wa kati na kipa wake wanazihitaji dakika hizo ili waache kugongana kwenye kona, na ugonjwa wetu wa mwaka 2024, kwa maoni yangu, ulikuwa huo huo wa watu wasiozoeana.

Zaidi ya hapo, ligi yenye timu 16 haina subira. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia katika mechi za mchujo, na Mwanza tunaujua mchujo: Mbao ile ile iliyofika fainali 2017 ilishushwa na Ihefu mwaka 2020, msimu ambao Alliance nayo ilishuka. Vijana wazuri walikuwepo katika timu zote mbili. Kocha anayeogopa kubeba vijana 10 wasiojulikana, huku mshahara wake ukitegemea mechi tano za kwanza, simwiti mwoga.

Basi nimepunguza. Kikosi changu cha kambi ni wachezaji 26, na vijana ni wanne: kipa wa tatu, beki wa kushoto wa pili, kiungo mmoja wa pembeni mwa dimba la kati, na winga mmoja. Makipa wawili wa kwanza wawe watu wazima, kwa kuwa kosa la kipa haliwi somo, linakuwa bao. Mabeki wa kati wawe wanne, wote wakiwa wamecheza angalau misimu miwili ya Ligi Kuu, na hapo sitaki kijana hata mmoja. Namba sita, yaani viungo wakabaji, wawe wawili, mmoja wao hata akiwa mgeni nitakubali. Kanuni zinaruhusu wageni 12, ila kwangu watano wanatosha kabisa, na mgeni apewe nafasi, hata ya benchi, pale tu ambapo hakuna wa hapa anayemzidi. Kwa namba tisa nataka mtu wa aina ya George Mpole wa msimu wa 2021/22, aliyefunga mabao 17 akiwa Geita Gold na kumpita Fiston Mayele wa Yanga katika ufungaji bora. Mtu kama huyo, hata kama ameachwa na timu ya Kariakoo, aje.

Msomaji atakayehesabu ataona kwamba orodha yangu imekaribia mfano wenu kuliko nilivyokusudia nilipoanza kuandika. Sioni namna nyingine, labda kwa timu iliyomaliza msimu katika nafasi za juu na isiyo na hofu, na Pamba bado haijawa timu hiyo. Kambi yenyewe ingebaki hapa hapa. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwenda kucheza na Geita Gold hakuhitaji tena kusubiri kivuko, na Kagera Sugar na Biashara United nao wapo kandokando ya ziwa. Gharama ya kusafirisha timu kwenda kambi za mbali ingelisha wale vijana wanne.

Sharti langu moja ni hili la beki wa kushoto wa pili. Apewe wiki tatu kamili kabla ya mechi yoyote, kisha apewe dakika katika mechi tatu tofauti, na anayemhukumu awe kocha aliyekuwa naye mazoezini, siyo mtu wa jukwaani, mimi nikiwemo. Akishindwa baada ya hapo, aachwe bila manung'uniko. Na kama uongozi utasema watu 26 ni wengi kwa malazi na chakula, nitakubali kumwondoa mgeni wa tano au winga wa mwisho, lakini siyo yeye.