Mlango wa Beetle unaoinuliwa ndipo ufunge: usikubali "ni bawaba tu" kabla ya kukagua hivi

Mkuu mleta uzi, umesema umepata Volkswagen Beetle ya 1972, rangi inang'aa, injini inawaka vizuri, ila mlango wa dereva lazima uunyanyue kidogo ndipo kitasa kishike. Muuzaji anakwambia bawaba zimechoka, fundi anamaliza kwa siku moja. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia bodi imeshuka katikati, na hapo unachonunua ni kazi ya kuchomelea gari zima. Injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne tu, unaishusha asubuhi ukairudisha jioni. Bodi iliyolegea ndiyo inayomaliza watu pesa na uvumilivu, na nimeona magari mazuri yakiishia nyuma ya gereji kwa sababu hiyo.

Elewa kwanza gari hili lilivyojengwa. Halina chesisi ya vyuma viwili virefu kama Land Rover. Lina sakafu ya bati yenye bomba kubwa linalopita katikati, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti pembeni kote. Chini ya kila mlango kuna kizingiti, yaani boksi refu la bati. Ndani yake ndimo hewa ya moto inamopita kutoka kwenye injini kule nyuma kwenda mbele. Kwa joto letu hiyo hita wengi hawaigusi maisha yao yote, lakini boksi lenyewe lina kazi kubwa zaidi: ndilo linalozishika nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa zisisogeleane wala kuachana. Huoza kutokea ndani, kwa unyevu na matope yaliyonasa, kwa hiyo nje unaweza kuona rangi safi kabisa. Likishalegea, katikati ya gari hushuka, nguzo mbili huinamiana kwa juu, na nafasi ya mlango hubanwa juu na kupanuka chini.

Sasa nenda mchana, gari liwe limekauka, limesimama sehemu tambarare, matairi yamejazwa upepo, ndani hakuna mtu. Usishike mlango bado. Simama mbali kidogo utazame ule mstari wa urembo unaopita ubavuni, kutoka mlangoni kwenda kwenye bati la nyuma. Je, umekutana au wa mlangoni umeshuka? Kisha angalia nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini, kwenye ukingo wa kitasa. Mimi hutumia vipande vya kadi ngumu: chini vikiingia vitatu halafu juu hakiingii hata kimoja, hiyo si dalili ya kupuuza.

Lakini mlango ulioning'inia kwa bawaba chakavu nao hubana juu, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Fungua mlango taratibu huku ukitazama ncha yake. Ukiona unashuka mara tu unapoachana na kitasa, ujue kitasa ndicho kilikuwa kinaubeba. Uache wazi nusu, shika ncha ya chini kwa mikono miwili, nyanyua na kushusha, huku mwenzako akitazama bawaba kwa tochi. Kama pini inacheza ndani ya bawaba, muuzaji yuko sahihi. Kama bawaba imetulia lakini nguzo yenyewe inatikisika, au rangi imepasuka pale nguzo inapokutana na kizingiti, sitisha mazungumzo ya bei kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi: kagua mlango wa abiria kwa makini kuliko wa dereva. Huku kwetu usukani uko kulia, mlango wa kulia ndio unaofunguliwa kila siku na kuegemewa na kila anayeshuka, kwa hiyo bawaba zake kuisha ni kawaida. Wa kushoto haujafanya kazi hiyo. Nao ukiwa umeshuka vilevile, bawaba siyo maelezo ya kutosha.

Baada ya hapo omba jeki. Funga mlango, angalia nafasi zake, kisha nyanyua upande mmoja taratibu kwa jeki ya karakana, kwenye sehemu yake ya jeki karibu na gurudumu la nyuma, bila mtu kuingia chini. Gari lenye bodi imara linakwenda juu lote na nafasi hazibadiliki. Zikibadilika, mlango ukagoma kufunguka, au jeki ikazama kwenye bati, umeshapata jibu. Ukiombwa usitumie jeki, lichukulie hilo nalo kuwa jibu.

Tembeza sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya kizingiti, hasa mwanzo na mwisho wake. Isiposhika, hapo pamejazwa puti, ule udongo wa kuzibia matundu ya bati kabla ya rangi. Inua zulia, bonyeza kwa kidole pale sakafu inapokutana na kizingiti, na usisahau chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Betri hukaa hapo, tindikali yake hula bati. Gari lililoishi Tanga, Dar au Mombasa lipe muda zaidi kwenye hatua hii kuliko lililoishi Arusha au Nairobi. Chumvi ya bahari haina huruma.

Kinachonitisha zaidi ni vizingiti vilivyochomelewa vipya. Fundi anayeijua kazi hufunga kwanza vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango, hukata upande mmoja kwa wakati, na kila mara hurudisha mlango kupima kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Asiyejua hubandika bati jipya juu ya bovu wakati bodi imeshashuka, na hapo kushuka huko kunakuwa kwa kudumu. Niliwahi kusindikiza rafiki kuangalia Beetle ya namna hiyo Tanga: chini imepakwa lami nyeusi mbichi, kitasa kimesogezwa hadi mwisho wa matundu yake, na ukingo wa mlango umesagwa ili ufunge. Tuliondoka.

Wanaotafuta Peugeot 504 vipimo ni hivi hivi, ila ile haina chesisi kabisa, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kuweni wakali zaidi. Land Rover za zamani milango yake haikai sawasawa hata zikiwa nzima; huko kagua chesisi na bati la miguuni mwa dereva.

Wewe mkuu piga picha nne: pande zote mbili milango ikiwa imefungwa, kisha nguzo za bawaba milango ikiwa wazi. Ziweke hapa kabla hujatoa hata pesa ya kishika uchumba.