Jibu langu: baiskeli ipite kwenye kibao cha kusimama bila kusimama?

Waalaikum salaam, ndugu. Umeuliza kama baiskeli ziruhusiwe kupita kwenye kibao cha kusimama bila kusimama kabisa, kwa kuwa mpwa wako anayesambaza mikate amekamatwa hapa Malindi kwa kosa hilo. Kuna aliyekujibu kwamba Marekani wanaruhusu, basi na sisi turuhusu. Dada mmoja naye akasema waendesha baiskeli wote hawana adabu, wakamatwe tu. Mimi nimebeba samaki kwa baiskeli miaka 11, kutoka ufukweni Shella mpaka Msabaha na Gede kwa mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki na kuuza, na jambo hili nimelilipia. Nivumilie, jibu langu ni refu.

Waruhusiwe, ndiyo. Lakini kwenye njia ndogo, na kwa sharti ambalo aliyekujibu hakulitaja.

Kwanza, si Marekani yote. Jimbo la Idaho ndilo lililoanza, mwaka 1982. Pale mwendesha baiskeli akifika kwenye kibao hupunguza mwendo, huangalia, akikuta mwenye haki ya njia humpisha, na akikuta pametulia hupita bila kukanyaga chini. Idaho ilikaa na sheria hiyo peke yake miaka mingi, mpaka Delaware ilipofuata mwaka 2017, kisha Arkansas mwaka 2019, na wengine baadaye. California bunge lilipitisha mwaka 2021, gavana akakataa kutia saini. Delaware walihesabu: katika miezi 30 baada ya sheria, ajali za baiskeli kwenye makutano yenye vibao hivyo zilipungua kwa asilimia 23 kuliko miezi 30 ya kabla. Nao hawakuifungulia kila mahali. Barabara ikizidi njia mbili za magari, unasimama kama kawaida. Hilo lishike, nitalirudia.

Wasiobeba mzigo hudhani mwenye baiskeli hataki kusimama kwa uvivu. Mweke mtu huyo juu ya Black Mamba, ile baiskeli yetu nzito ya chuma, funga mapakacha mawili ya samaki na barafu kwenye karia, kilo 50 au 60, kisha mwambie asimame na aondoke. Baiskeli yenye mzigo inatulia ikiwa inakwenda. Ukisimama, mzigo unavuta nyuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Ukiondoka, zile mita tano za kwanza unayumba kushoto na kulia, na nyuma yako kuna tuktuk inayopiga honi. Msimu wa kusi, unapoelekea Msabaha upepo unakukaa kifuani, na kila kuondoka ni kama kupanda mlima. Ukipunguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea na ukaendelea kusogea, usukani unatulia, masikio yako yako wazi, na mbele yako hakuna boneti ya kukuziba. Kwenye vichochoro vya Maweni na Barani nimepita hivyo maelfu ya mara na sikumgusa mtu.

Sasa nieleze nilipomgusa.

Ilikuwa Ramadhani, mwaka 2009, kama nusu saa kabla ya magharibi. Kila mtu anajua saa hiyo ilivyo: kila mwenye chombo anakimbilia kufuturu. Nilikuwa natoka mtaani kuingia barabara ya Lamu. Mkono wa kulia, upande yanakotokea magari ya karibu yangu, kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe. Kibao kilikuwepo, kimeinama, mwarobaini umekifunika nusu, lakini nilikijua. Sikuwa na mwendo mkali. Nilipiga kengele mara tatu, nikaingia. Pikipiki ilikuwa imebeba mama na mtoto. Yule kijana aliyeiendesha alinikwepa akapanda ukingo wa lami, mama akaangukia mkono, ukavunjika. Mtoto alinusurika, alhamdulillahi. Nilikwenda nyumbani kwao kila wiki mpaka yule mama alipofunguliwa plasta, na gharama nilibeba mimi. Siku ya kwanza aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukungoja?" Nikamwambia nilipiga kengele. Nilipoyasema hayo mbele yake nilisikia mwenyewe kwamba si jibu.

Nimeifikiria kengele ile miaka mingi. Nendeni Lamu, kwenye vichochoro vya mji wa kale. Hamali mwenye gunia begani, au mwenye punda, hasimami. Anaita "Simile! Simile!" na watu wote wanajibana ukutani, mpaka mzee wa kuheshimiwa. Mwenye mzigo hupishwa. Ni adabu nzuri, nimelelewa nayo, na sitaki ife. Ila sisi waendesha baiskeli tumeitoa kichochoroni tukaipeleka kwenye lami. Kengele yangu ilikuwa simile. Nilikuwa namwambia anayekuja anipishe, naye yuko kwenye pikipiki, kofia ngumu kichwani, hasikii chochote.

Sheria ya Idaho ni kinyume cha simile. Yule aliyeruhusiwa kutosimama ndiye anayempisha kila mtu: gari, pikipiki, mkokoteni, mtoto wa madrasa anayevuka. Hajapewa haki ya kupita. Amepewa kazi ya kuamua kama njia ni tupu, na akiamua vibaya kosa ni lake. Ndiyo maana jibu langu haliishii kwenye "ndiyo". Tukiwaambia vijana wetu "mmeruhusiwa" bila kuwafundisha hili, watasikia "mtapishwa", na tutazika watu.

Kwa hiyo ningeiruhusu ndani ya mitaa, pale unapoona pande zote mbili kabla hujafika kwenye mstari. Kuingia barabara kuu ya Mombasa au ya Lamu, simama, mguu chini, hata kama umebeba tani. Penye ukuta unaoziba macho, simama. Ukiwa na abiria kwenye karia, au usiku bila taa, simama, maana hapo roho si yako peke yako na hakuna anayekuona. Na jamani, matawi ya mwarobaini yakatwe. Kibao kisichoonekana hakimsaidii mwenye baiskeli wala mwenye lori.

Dada, nimekusikia, na kwa niliyoyafanya sina haki ya kukubishia kwa sauti kubwa. Lakini simama asubuhi moja kwenye makutano yoyote ya mjini uhesabu ni nani anasimama kweli. Bodaboda hazisimami. Tuktuk hazisimami. Tukitaka adabu ya kibao tuanze na wenye injini, kisha baiskeli watafuata.

Kuhusu mpwa wako: kwa sheria ya Kenya ilivyo leo, baiskeli haina ruhusa yoyote ya pekee. Kibao kile chekundu cha pembe nane kinamhusu kama kinavyomhusu mwenye lori, kwa hiyo alikosea. Kama kuna faini, ailipe panapotakiwa na apewe risiti, asimpe mtu pesa mkononi barabarani.

Na mfundishe kusimama, kwa sababu wengi wanaogopa kusimama kwa kuwa hawajui kuondoka. Kabla hajafika kwenye mstari, arudishe pedeli ya kulia nyuma mpaka ikae juu, mbele kidogo. Baiskeli isiyorudi pedeli, asimame mguu wa kushoto chini, ainue gurudumu la nyuma kidogo kwa kuvuta tandiko na kuzungusha. Akiondoka, uzito wote aushushe kwenye pedeli hiyo na macho yaangalie mbali, asiangalie gurudumu. Kreti ya mikate isikae nyuma ya ekseli. Aisogeze igusane na tandiko na aifunge kwa mpira wa tyubu mara mbili, kwa kupishanisha. Ikikaa hivyo, zile mita tano za kuyumba zinakuwa mbili.