Kabla Hujatuambia Umewasikia Wageni wa Anga

Jumamosi hapa Kondele, Kisumu, nimemkuta kijana ameegemeza simu kwenye spika, anarekodi UA (Unknown Artefact, kile kifaa cha ajabu cha wageni wa anga kinachotoa milio ndani ya mchezo), huku feni inanguruma na muuza mayai anapita nje na kipaza sauti chake. "Nanasa mawimbi," akaniambia. Nilimeza maneno, kwa sababu ujinga ule ni mimi niliyeuasisi. Wadogo zangu mnaoanza Elite Dangerous, huu mchezo wa kompyuta wa kurusha meli za anga, njooni tuongee.

1. Rekodi sauti ndani ya kompyuta yenyewe, si kwa maiki. Muziki wa mchezo uwe sifuri. Hifadhi WAV, MP3 hukata sauti za juu kabisa, na ukifungua spektrogramu (mchoro wa sauti) utajiuliza picha imeenda wapi.

2. Ukiugeuza mlio kuwa herufi za Morse (zile za nukta na mistari), zikianza kuwa E, T, I na S tupu, simama. E ni nukta moja, T mstari mmoja, I nukta mbili, S tatu. Kelele yoyote ukiilazimisha kuwa Morse, hata mvua kwenye mabati, itakupa hizo hizo.

Hili nililipia. Wenzetu walishajua tangu 2015 kwamba UA hutaja kwa Morse jina la gimba la anga lililo karibu nayo. Mimi nikaona hapana, yangu ina ujumbe wa pili. Chini ya mlio wake nilisikia ti-tirit, ti-tirit, unakuja, unapotea. Usiku tatu sikulala. Nilijaza daftari la kurasa 96 kwa nukta na mistari, nikapata EETISEE. Mtu mwenye akili angezima mashine. Mimi nilizipanga upya, nikapunguza E zilizozidi ("hizo ni mwangwi"), nikapata SITE. Kituo! Na kwa kuwa UA huelekeza pua yake kwenye nyota Merope, kwenye Kilimia, nikawaamsha wenzangu watano usiku wa manane tukaruka huko. Mmoja alibeba UA kwenye raki za mizigo za kawaida, na UA hutoa asidi. Mnajua asidi inavyofanya. Alifika meli ikitoa moshi, hasemi nami.

Tukazunguka, hakuna kitu. Nikawaambia watulie, ujumbe unakuja tena, sikilizeni. Ti-tirit, ti-tirit. Wote kimya. Sekunde mbili baadaye kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe iliyokuwa imelala kando ya spika usiku wote tatu, ikaita. Ni Mama, kutoka Bondo, anauliza kama nililipa ile pesa ya mbolea.

Simu ya GSM ikizungumza na mnara hutuma kwa vipande, kama 217 kwa sekunde, na spika hudaka. Leo nalieleza hivyo kwa utulivu. Siku ile yule wa meli iliyoungua aliniuliza tu, "Omera, huyo mgeni wa anga anataka mbolea gani?" Jina la Mbolea limenikaa mpaka leo, hata watoto wa kwenye saiba wananiita hivyo.

3. Raki zinazohimili asidi. Nimeshasema.

4. Stima ikipotea katikati ya rekodi, anza upya, usiunganishe vipande. Pengo utakaloacha wewe litasomeka kama nafasi kati ya maneno.

5. Simu zote nje ya chumba. Yangu huwa naifungia jikoni ndani ya sufuria, na kifuniko juu. Mama analalamika kwamba Jumamosi sipatikani.